Mikono Iliyonuka Utupa

Mpaka leo, na utu uzima wangu wote huu, nikinusa majani ya utupa yaliyopondwa naona wivu. Wenzangu harufu za utotoni zinawarudishia maandazi ya mama zao. Mimi hii inanirudishia hasira ya tumboni, ile ya kutaka kumnyang'anya mtu kitu chake kisha nikitupe. Nilidhani nimeshapona. Kumbe juzi, siku ya tatu baada ya kumzika Bibi, nilitoka nje asubuhi hata uso sijanawa, nikasikia mchi unagonga kinu nyuma ya jiko. Harufu ile chungu, inayokwaruza koo, ikanifikia kabla sijaona anayetwanga ni nani. Wala sikuwa na haja ya kuona. Nakijwa alikuwa msibani tangu siku ya kwanza, na ni yeye peke yake ambaye angekumbuka, katikati ya matanga, kwamba kabichi za marehemu zina viwavi.

Akina mama waliokuwa wanakoroga uji wakawa wanamsifu. Mwoneni mtoto wa watu, wanasema, anavyomkumbuka bibi yake. Na mimi nimesimama pale na kanga yangu ya msiba, mjukuu niliyelelewa kwenye nyumba ile tangu kuachishwa ziwa, natamani kukipiga kile kinu teke.

Ngoja nieleze, maana nyinyi wa rika langu mliokulia milimani mtanielewa, hata kama hamtanihurumia.

Bibi alikuwa akiishi Bombo, upande wa juu kabisa, ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi na mtu akienda Same mjini husema anashuka. Baba na mama walikuwa na kazi za vibarua huko chini, leo shamba hili kesho lile, mimi wakaniacha kwa Bibi. Tulikuwa wawili tu, yeye na mimi, na ng'ombe mmoja wa bandani, na bustani ya kabichi na figili iliyoteremka kwa matuta mpaka kwenye mfereji. Majirani walishaanza kutumia dawa za dukani, zile za chupa yenye picha ya fuvu. Bibi alikataa katakata. Alisema hawezi kumuuzia mtoto wa mwenzake jani ambalo yeye mwenyewe anaogopa kulitafuna. Na kweli, mnunuzi akija, Bibi alikuwa anachuma jani la kabichi, analifuta kwa pindo la kanga, analitafuna bichi mpaka linaisha, huku anamtazama mnunuzi usoni.

Badala ya chupa alikuwa na vitu vyake. Majivu ya jikoni aliyazungushia mashina, wadudu wa sota wasikate miche. Pilipili kichaa aliichanganya na sabuni ya mche kwa ajili ya vidukari. Mkojo wa ng'ombe aliuacha uvunde wiki mbili kwenye debe lililofunikwa, ndipo auongeze maji. Na mkubwa wa dawa zote ulikuwa utupa, kichaka chenye maua meupe kilichosimama uani. Majani yake yalitwangwa asubuhi, yakalowekwa kwenye ndoo, na jioni, jua likishalegea, maji yake yalikamuliwa na kunyunyizwa kwa kifagio cha nyasi, juu ya jani na chini ya jani. Baada ya hapo ilikuwa siku tano bila kuchuma. Tena ndoo ya utupa haikuoshwa mferejini hata siku moja, ilioshwa kwenye shimo la migomba. Sababu hakunieleza, nami sikuuliza. Mfereji wetu ulikuwa na masharti kuliko kanisa: zamu ya nani, saa ngapi, nani mwenye ruhusa ya kufungua ndiva, lile bwawa la juu tunapokusanyia maji. Hili nalo nikalihesabu kuwa sharti lingine la wazee.

Nilichotaka maishani mwangu kilikuwa kushika kile kifagio. Sikutaka kingine. Nilikuwa darasa la nne, na kila nikiomba, Bibi alijibu kuwa nikikua. Kazi yangu mimi ilikuwa mkojo. Ndiyo, mkojo wa ng'ombe. Kila asubuhi nilisimama bandani na kopo nikimsubiri ng'ombe aamue, na yule ng'ombe alikuwa na roho mbaya, ananisubirisha mpaka nikichelewa shule, halafu nikigeuka tu ndipo anafungulia. Nilivumilia. Nilijua kuwa anayeanzia kwenye kopo siku moja atafika kwenye kifagio, kwa kuwa hakukuwa na mtu mwingine wa kurithi.

Halafu akaja Nakijwa.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu, binti pekee wa Bibi, aliyeolewa mbali huko Jipe kwa wavuvi. Shangazi akafariki. Bibi akaenda kuzika, na aliporudi alikuwa amemshika mkono msichana mrefu, mweusi tititi, mwenye kifurushi cha nguo na harufu ya samaki wa moshi. Alinizidi mwaka mmoja. Nikaambiwa huyu ni dada yako, atasoma hapa, mtalala kitanda kimoja. Nikasema sawa. Nilikuwa mtoto mwenye adabu kwa nje.

Wiki ya kwanza tu alimwona kiwavi kwenye kabichi, akamchukua kwa vidole viwili na kumminya. Hakupiga kelele. Akajifuta kwenye sketi na kwenda kwa mwingine. Bibi akasimama kumwangalia, na usoni mwake nikaona furaha ambayo mimi kwa makopo yangu yote ya mkojo sikuwahi kumpa. Mimi viwavi nilikuwa nawaogopa. Nasema ukweli, nilikuwa nikimwona mmoja naruka mpaka tuta la pili. Basi nikaanza kujizoeza kwa siri. Nilimfungia kiwavi kwenye kiberiti, nikampeleka nyuma ya choo, nikahesabu moja mbili tatu nikamminya. Nikatapika. Nikasema kesho nitajaribu tena, na kesho yake nikatapika tena.

Tangu hapo Bibi alikuwa anamwamsha Nakijwa alfajiri, wanakwenda bustanini wawili kuokota viwavi. Mimi nabaki kitandani, nafasi yake bado ina joto, nasikia sauti zao chini kwenye matuta. Wakati mwingine Bibi anacheka. Niliuma shuka kwa wivu. Kichwani nilishapiga hesabu zangu: anapendwa kwa sababu ni jasiri, na mimi ni mwoga, kwa hiyo nimefukuzwa kazi. Kwamba Nakijwa alikuwa akishtuka kila alfajiri akimwita mama yake, na kwamba Bibi alimtoa nje ili mikono yake ipate cha kufanya, hilo nililisikia ukubwani kutoka kwa mama yangu. Tulilala kitanda kimoja na sikuwahi kumsikia analia. Nilikuwa nalala fofofo, naamka wakati wa kucheka tu.

Ikaja siku ya msaragambo, kijiji kizima tumetoka kuzibua mfereji. Wakati wa kupumzika Nakijwa alikaa na akina mama akawasimulia mambo ya kwao. Alisimulia habari ya utupa, nilikuja kuambiwa baadaye, alivyoshangaa kuuona uani kwetu, maana Jipe kuna watu wanauponda na kuutia majini kwa kificho. Wanawake walimsikiliza mpaka wakaacha kutafuna makande. Mimi nilipoona amezungukwa namna ile, nikajiziba masikio kwa vidole, kabisa, nikawa naimba wimbo wa shule mdomoni ili hata neno moja lisiingie. Laiti ningeacha upenyo mdogo tu.

Kilichonimaliza kilikuja wiki ileile. Tukiwa tunakunywa uji, Bibi akamwambia Nakijwa kuwa viwavi wamezidi, kwa hiyo kesho atwange utupa wa kutosha bustani yote, mara mbili ya kawaida, na safari hii atanyunyiza mwenyewe, peke yake, kifagio kizima mkononi mwake. Kisha akanigeukia.

"Na wewe mama, usisahau kopo."

Sikulia. Nilimaliza uji na kuosha kikombe changu, na nilipokuwa nakiosha nilishajua nitafanya nini. Nisingemdhuru mtu. Nilitaka tu dawa ikatae mkononi mwa Nakijwa. Anyunyize, kesho viwavi waamke wazima wanatafuna, Bibi aone kuwa mkono wa yule mtoto hauna kitu. Basi.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Nakijwa alitwanga tangu asubuhi mpaka kanga yake ikawa na madoa ya kijani. Akaloweka ndoo mbili, akazifunika kwa majani ya mgomba kando ya mfereji. Mchana yeye na Bibi wakaenda kukata nyasi za ng'ombe na kuokota kuni. Mimi nikasema tumbo linauma. Walipopotea kwenye kona nikashuka. Nikifikiri kumwaga chini, naona udongo utabaki wa kijani na utanuka. Lakini mfereji unachukua kila kitu, hauachi alama. Nikainamisha ndoo ya kwanza, ikaenda. Ya pili ikaenda. Makapi yaliyobaki nikayakamua kwa mikono miwili, nikayatupa humohumo, halafu nikajaza ndoo maji safi na majani machache yaliyotwangwa juu juu, rangi isije ikanisaliti. Ilinichukua dakika chache. Nilikumbuka sharti la mfereji, sitadanganya. Nikasema moyoni mwangu wazee wenyewe hawapo.

Chini yetu alikaa Mzee Elineema, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya. Alichimba bwawa dogo, halizidi chumba cha darasa, akapandikiza perege. Karibu mwaka mzima aliwalisha pumba na mchwa, kwa ajili ya sherehe ya kipaimara ya binti yake wa mwisho. Alishasema wageni wote siku hiyo watakula samaki, jambo ambalo kule juu kwetu halijawahi kuonekana. Na Jumamosi ile zamu ya maji ilikuwa yake. Alikuwa ameufungulia mfereji wote uingie bwawani.

Bibi alirudi wa kwanza, jua linaelekea kulegea. Akafunua ndoo. Akachovya kidole, akakinusa. Kisha akanitazama pale nilipokaa kizingitini, akaitazama mikono yangu, na wakati huohuo tukasikia sauti ya Mzee Elineema kutoka chini. Haikuwa kelele. Alikuwa anamwita mkewe, jina moja tu, tena na tena.

Bibi alinishika mkono akaniingiza jikoni. Akachota majivu ya moto wa asubuhi, akakata limao, akaanza kunisugua. Alisugua viganja, katikati ya vidole, chini ya kucha, mpaka ngozi ikawaka. Akasuuza, akarudia tena kwa majivu mengine. Mimi nikajua naadhibiwa kwa kumwaga dawa ya kipenzi chake, nikawa nalia kwa uchungu zaidi kwa sababu hata kunichapa hakutaka, ananisugua tu kama sufuria. Mlangoni palikuwa na kivuli, nikadhani ni kuku.

Walikuja uani kwetu watu watatu, Mzee Elineema na wasimamizi wawili wa mfereji. Walibeba kapu. Wakaliinamisha, na perege wakamwagika chini, wakubwa kwa wadogo, midomo wazi. Ndipo nilipoelewa, hata kabla sijaambiwa. Nakijwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ametua kuni, alichuchumaa, akamgeuza mmoja, akamfungua shavu kwa kidole, na kwa sauti ya mtu anayesaidia wakubwa akasema, "Hawa wameuawa na utupa."

Msimamizi mmoja akauliza mtoto huyu amejuaje. Mwingine akasema si ndiye yule wa Jipe, aliyekuwa anawasimulia akina mama kwenye msaragambo namna wanavyoua samaki? Hapo Mzee Elineema akaomba kitu kimoja. Alisema utupa hautoki mikononi kwa maji matupu, basi na anuse mikono ya watoto wote wawili. Akaanza na yangu. Aliishika taratibu, akainusa, akaniachia. Akanusa ya Nakijwa, na ya Nakijwa ilikuwa imetwanga utupa tangu asubuhi.

"Sikumwaga mimi," Nakijwa akasema, na hakumwambia Mzee Elineema, alimwambia Bibi.

Bibi alikuwa anatazama samaki. Nilisubiri aseme. Nilikuwa na hakika atasema, kwa jinsi anavyompenda, na nilishajiandaa kukimbilia migombani.

"Nitamrudisha kwao," Bibi akasema.

Akanunua na mbuzi jike wa kumlipa Mzee Elineema, na yule mzee hakumtaka, ikabidi wasimamizi wamsihi. Nakijwa alishuka na lori la kabichi siku ya gulio. Shule yake ikaishia hapo. Baba yake alikuwa majini siku zote na nyumbani kulikuwa na samaki wa kubanika na wadogo wa kulea. Asubuhi ya kuondoka alinijia bandani nimeshika kopo langu, nikafikiri amekuja kunipiga. Akaniambia nisisahau kunyunyiza chini ya majani, ndiko mayai yaliko.

Kifagio nikakipata. Bibi alinipa wiki ileile, kama mtu anavyokupa kijiko. Nikanyunyiza juu na chini, viwavi wakafa, na alfajiri Bibi akawa anakwenda kuokota peke yake, wala haniamshi. Na bado, mwenzangu, nilikuwa na wivu. Nilimwonea wivu mtu ambaye nimeshamfukuza. Kila Bibi aliponyamaza nilijua anamuwaza. Nikakua nao, nikaolewa nao, nikahamia Same mjini nao. Niliposikia kuwa Nakijwa ameolewa kijiji cha Bendera na ana bustani ya nyanya ambayo watu wanatoka mbali kuja kuiona, haipuliziwi dawa ya dukani hata tone, sikulala vizuri siku tatu.

Sasa juzi nimesimama nyuma ya jiko. Ameinua uso, akaniona. Kazeeka vizuri, hilo nalo liliniudhi.

"Umeamka? Njoo unikamulie, viganja vyangu vimechoka."

Nikakaa kwenye kigoda. Nikaingiza mikono ndooni, mara ya kwanza tangu nitoke kwa Bibi. Nikamwambia Nakijwa, kuna jambo. Akasema alijua kuwa lipo. Siku ile alikuwa amerudi na kuni, akasimama mlangoni mwa jiko, akamwona Bibi ananinawisha.

Nilimuuliza kama aliona, kwa nini hakusema.

"Ningesema nini? Nilikuonea wivu, ndugu yangu. Nilikonda kwa wivu. Kila nikikaa Jipe nabanika samaki namwona Bibi anakusugua vidole kimoja kimoja, na mimi mikono yangu inanuka, na aliyekuwa wa kuninawisha yupo chini ya udongo." Akachukua majani mengine akayatia kinuni. "Dawa hii usiimwage karibu na mfereji tu."

Akaendelea kutwanga. Na mimi, mwanamke mzima, nimekaa na makapi ya utupa viganjani, ndipo naelewa kuwa miaka yote hiyo nilikuwa natafuta nani kachaguliwa, na aliyechaguliwa nilikuwa mimi. Bibi alikuwa na wajukuu wawili na majivu ya kunawisha mmoja. Mmoja alikuwa na pengine pa kwenda. Akamtoa huyo, kisha akaishi na kazi ya mikono yake bila kunigusa tena mimi wala kumsahau yeye.

Nilikamua mpaka maji yakaisha. Kando ya shimo la migomba palikuwa na dumu la maji na kipande cha sabuni. Nilivipita bila kunawa.

Mzee Elineema alikuwa amekaa chini ya turubai na bakuli la uji, mzee sana sasa, macho yameingia ukungu. Nikapiga goti mbele yake.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Wewe ni yule wa mjini?"

"Ndiye mimi." Nikamnyooshea mikono yote miwili. "Ninuse, babu."

Alidhani hakusikia vizuri. Nikarudia. Akaweka bakuli chini, akaishika kama alivyoishika siku ile, taratibu, akaisogeza puani.

"Utupa," akasema.

"Ndiyo, babu. Siku ile pia. Ulinusa baada ya Bibi kuninawisha."

Hakuniachia. Nyuma ya jiko, mchi ulikuwa umenyamaza.